ANDREW LAWSON: MZEE ALIYEUPA UFA JINA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo ni wa kweli kwa kuta za nyumba zetu. Lakini uko ufa mmoja duniani ambao hata wangekusanyika mafundi wote wa nchi hii na malori ya simiti hawangeuziba. Unaitwa San Andreas, nao uko California, Marekani. Urefu wake ni kama kilomita 1,300. Ukitoka Mombasa kwa barabara hadi Malaba bado hujaufikia urefu huo. Leo nataka kuwasimulia juu ya mzee aliyeupa ufa huo jina.

Kwanza niwaambie ilikuwaje nikamjua. Siku moja mwalimu wa Jiografia alituuliza nyufa kubwa za ardhi hufanya nini. Mimi na mdomo wangu nikainua mkono upesi, nikajibu kwamba zote hupanuka kama Bonde letu la Ufa. Mwalimu akatikisa kichwa, darasa zima likaangua kicheko. Jamani, niliona haya! Nilitamani ardhi ipasuke hapo hapo inimeze. Mwalimu mwenyewe hakucheka. Alinituma maktabani nikasome juu ya San Andreas. Huko ndiko nilikokutana na Andrew Cowper Lawson, na nikagundua jambo lililonifariji sana. Kumbe hata yeye aliwahi kukosea juu ya ufa huo, tena kosa lake lilikuwa kubwa kuliko langu.

Lawson alizaliwa tarehe 25 Julai 1861 huko Anstruther, mji mdogo wa wavuvi ulioko Scotland. Angali mtoto mdogo, wazazi wake walivuka bahari wakahamia Hamilton, nchini Kanada. Huko ndiko alikosomea. Mwaka wa 1883 alipata shahada yake katika Chuo Kikuu cha Toronto, kisha akaajiriwa na idara ya serikali ya Kanada iliyochunguza mawe na madini.

Kazi hiyo haikuwa ya kukaa ofisini. Kijana Lawson alitumwa kwenye misitu na maziwa ya mbali, achore ramani ya mawe yaliyokuwa makongwe kupindukia. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mawe aina ya graniti ya eneo lile ndiyo yaliyokuwa ya zamani zaidi, na kwamba mengine yote yalikuja juu yake baadaye. Lawson alichunguza mahali mawe hayo yalipokutana, akaona mambo ni kinyume. Graniti ilikuwa imepanda kutoka chini ikiwa ya moto na laini kama uji, ikajipenyeza katika mawe yaliyoitangulia. Kijana mdogo kuwasahihisha wazee si mchezo. Wengine walimpinga, lakini hakutetereka. Tangu hapo tabia yake ikajulikana. Alikuwa mtu wa ulimi mkali na hasira za karibu, asiyekubali neno kwa sababu tu limesemwa na mkubwa.

Mwaka wa 1888 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Miaka miwili baadaye, 1890, akaenda kufundisha jiolojia katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Alikaa huko akifundisha hadi alipostaafu mwaka wa 1928. Wanafunzi wake hawakufundishwa kwa chaki peke yake. Aliwapeleka milimani na mabondeni wakashike mawe kwa mikono yao. Wanafunzi wake walipogundua aina mpya ya madini, waliyapa jina lake, yakaitwa lawsoniti.

Sasa tuuingie huo ufa wenyewe. Kusini mwa jiji la San Francisco kuna bonde jembamba, refu, lililonyooka kama rula. Ndani yake kuna ziwa la kuhifadhia maji ya jiji, linaloitwa San Andreas. Watu walilipita bonde hilo kila siku bila kujiuliza kitu. Lawson yeye alijiuliza kwa nini limenyooka hivyo. Mito hupindapinda kama nyoka, hivyo mstari ule haukuwa kazi ya maji peke yake. Alitambua kwamba chini ya bonde lile ardhi ilikuwa imekatika. Katika maandishi yake ya mwaka wa 1895 aliuchora ufa huo, akauita San Andreas. Wako wanaosema kwa utani kwamba alijipa sifa kwa ujanja, maana Andreas na Andrew ni jina moja. Lakini bonde na ziwa vilikuwa na jina hilo kabla yake.

Hapa ndipo kosa lilipoingia. Lawson alidhani kwamba huo ni ufa mdogo wa pale pale, wa kilomita chache tu. Aliuandika, akaupa jina, akafunga daftari, akaendelea na kazi nyingine. Hakufuata mstari ule uone mwisho wake. Miaka kumi na moja ikapita, na ufa ukiwa umenyamaza kimya.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, watu wa San Francisco wakiwa bado vitandani, ardhi ilianza kutetemeka. Ilitetemeka kwa karibu dakika moja. Mabomba ya moshi yalianguka, kuta za matofali zikaporomoka, reli zikapinda. Halafu moto ukazuka hapa na pale. Wazima moto walikimbia na mipira yao, wakafungua mifereji, lo! Maji hakuna. Mabomba yaliyoleta maji kutoka kwenye maziwa ya bonde lile yalikuwa yamekatwa pale yalipovuka ufa, na yale ya mitaani yakapasuka pia. Ziwa lilikuwa limejaa na jiji linaungua. Moto uliwaka siku tatu mfululizo. Nyumba kama 28,000 ziliteketea. Kati ya wakazi wapatao 400,000, zaidi ya nusu walibaki bila makao. Wakubwa wa wakati huo walitangaza vifo vya mamia tu, lakini uchunguzi uliofanywa miaka mingi baadaye ulionyesha kwamba waliokufa walikuwa wapata 3,000 au zaidi.

Fikiria, msomaji mwenzangu, ungekuwa wewe Lawson. Ufa ulioupa jina ukiwa kijana, ukadhani ni wa mchezo, ndio huo umeangamiza jiji. Wengine wangenyamaza ili lisahaulike. Yeye hakunyamaza. Siku tatu baada ya tetemeko, Gavana George Pardee aliunda tume ya wanasayansi wanane kuchunguza kilichotokea, na Lawson akafanywa mwenyekiti wake.

Kazi yao haikuwa rahisi. Serikali haikutoa pesa, kwa hivyo gharama zililipwa na Taasisi ya Carnegie ya Washington. Tena wafanyabiashara wengi wa jiji hawakutaka neno tetemeko litajwe. Walipendelea kusema ni moto, kwa sababu moto hutokea popote, ilhali tetemeko lingewatisha wenye mali wasije kujenga tena. Isitoshe, bima ililipa hasara ya moto na haikulipa ya tetemeko. Kuandika ukweli wakati kama huo kulihitaji moyo.

Lawson na wenzake waliufuata ufa ule kwa miguu na kwa farasi, shamba baada ya shamba. Waliyoyaona yalikuwa ajabu. Ua la shamba lililokuwa limenyooka sasa lilikuwa limekatika vipande viwili, kipande kimoja kimesogea zaidi ya mita mbili kutoka kwa mwenzake. Mahali pengine barabara ilikatwa ikasogezwa karibu mita sita. Na kila mahali mambo yalikuwa yale yale. Ukisimama upande wowote wa ufa na kutazama ng'ambo, upande wa pili umekwenda kulia. Kuna hata hadithi ya ng'ombe karibu na Olema, eti ufa ulifunguka ukammeza, mkia tu ukabaki nje. Wengi baadaye waliona huo ni mzaha wa mwenye shamba. Ufa ule haukufunguka kama mdomo. Pande zake mbili zilipishana, kama matatu mbili zinazopitana katika barabara nyembamba zikikwaruzana ubavu. Hilo ndilo jibu ambalo mimi sikulijua darasani.

Mpasuko wa mwaka huo ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 470. Zaidi ya hayo, tume iligundua kwamba alama za ufa huo huo ziliendelea mbali kusini, hadi sehemu za California ambazo hazikupasuka mwaka huo. Ule ufa wa kilomita chache wa mwaka 1895 ukawa ni mmoja wa nyufa kuu za dunia. Lawson hakuficha. Mwaka wa 1908 ripoti ilichapishwa chini ya uongozi wake, kitabu kinene chenye ramani na picha tele, na wanasayansi wanaisoma hadi leo.

Ripoti ilionyesha jambo jingine la maana kwa wajenzi. Nyumba zilizojengwa juu ya mwamba hazikuumia sana. Zile zilizojengwa juu ya vinamasi na ufuo uliojazwa udongo ndizo zilizoanguka ovyo, hata kama zilikuwa mbali zaidi na ufa. Udongo uliolegea hutikisika kama uji kwenye sufuria. Je, watu walisikia? Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko jingine lilipiga eneo hilo na kuua watu 63, na miongoni mwa mitaa ya San Francisco iliyoumia vibaya ni Marina, mtaa uliojengwa juu ya udongo wa kujazwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sehemu ya pili ya ripoti iliandikwa na mwenzake, Harry Fielding Reid, ikatoka mwaka wa 1910. Reid alilinganisha vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kabla na baada ya tetemeko. Aliona kwamba hata kabla ya siku ile, pande mbili za ufa zilikuwa zikisogea polepole kwa miaka mingi, lakini pale kwenye ufa wenyewe zilikuwa zimeng'ang'aniana. Ardhi ikawa inapindwa kama fimbo mikononi mwa mtu. Fimbo hupinda, hupinda, kisha ghafla hukatika na kila kipande hurudi na kunyooka. Mrusho huo ndio tetemeko. Maelezo hayo ya Reid ndiyo yanayofundishwa hadi sasa duniani kote.

Lawson mwenyewe alijifunza kwa vitendo. Baada ya tetemeko alijijengea nyumba ya zege huko Berkeley, iliyochorwa na Bernard Maybeck, ili iweze kuhimili mitetemo. Pia alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wanasayansi wa matetemeko cha Marekani mwaka huo wa 1906.

Uzee haukumlaza. Wahandisi wa Daraja la Golden Gate walimtaka awe mshauri wao kuhusu mawe ya msingi. Daraja hilo lilianza kujengwa mwaka wa 1933, kilomita chache tu kutoka kwa ufa. Mtaalamu mwingine mashuhuri, Bailey Willis, alitangaza hadharani kwamba mwamba wa upande wa kusini ni dhaifu na hautaubeba mnara. Mabishano yakawa makali. Lawson hakutosheka na kujibu kwa karatasi. Alishuka mwenyewe ndani ya shimo la msingi, chini kabisa ya usawa wa bahari, akauchunguza mwamba, akathibitisha kwamba ni imara. Daraja lilifunguliwa Mei 1937, na tetemeko la 1989 lilipokuja lilisimama bila kuumia.

Heshima nyingi alizipata. Mwaka wa 1926 alikuwa rais wa Chama cha Jiolojia cha Marekani, na mwaka wa 1938 alitunukiwa nishani ya Penrose. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka wa 1929, naye akaoa tena, akajaliwa mtoto akiwa amepita miaka 80. Kweli mzee alikuwa na nguvu! Aliaga dunia tarehe 16 Juni 1952, akiwa na karibu miaka 91.

Lakini hadithi ya ufa haikuzikwa naye. Mwaka wa 1953, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, wanajiolojia wawili, Mason Hill na Thomas Dibblee, walipendekeza jambo ambalo hata Lawson hakuliwaza. Alijua kwamba ufa ni mrefu. Hakujua ni umbali gani pande zake zimesafiri. Hao wawili walisema zimepishana kwa mamia ya kilomita! Wengi waliguna. Baadaye ushahidi ulipatikana. Mawe ya volkeno ya Pinnacles, upande wa magharibi wa ufa, yalionekana kuwa ndugu wa mawe ya Neenach yaliyo upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 300 kusini. Yalizaliwa pamoja miaka kama milioni 23 iliyopita, kisha ufa ukayatenganisha. Mwendo wake ni wa pole, kama sentimita tatu na nusu kwa mwaka, sawa na kucha zako zinavyokua.

Mwaka wa 1965 Tuzo Wilson, mwana wa Kanada, alieleza kwamba ganda la dunia limekatika kuwa mabamba makubwa, na kwamba kuna nyufa za aina ya pekee ambapo mabamba hayo hayaachani wala hayagongani, bali hupishana. San Andreas ni mmoja wa nyufa hizo. Bamba la Pasifiki hupita upande mmoja na la Amerika Kaskazini upande wa pili.

Na siku hizi wanasayansi huchungulia hadi chini. Macho hayafiki huko, basi hutumia masikio. Hulipua baruti au hutikisa ardhi kwa magari mazito, kisha husikiliza kwa mitambo jinsi mitetemo inavyopita. Katika mwamba mgumu mitetemo hukimbia, katika mwamba uliopondeka hupungua mwendo. Kwa njia hiyo wameona kwamba sehemu za katikati ya California, magharibi mwa ufa kuna graniti ngumu, na mashariki kuna mawe yaliyovurugika ambayo Lawson ndiye aliyeyapa jina la Franciscan. Karibu na kijiji cha Parkfield walitoboa shimo la kina cha kilomita tatu hivi, na mwaka wa 2005 wakaufikia ufa wenyewe chini kwa chini.

Kwetu Kenya hatuna San Andreas. Bonde letu hupanuka, hapo nilisema kweli. Hata hivyo sisi pia tumewahi kutikiswa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilipiga Subukia. Na ganda la dunia chini yetu limesikilizwa kwa mitambo kama lile la California. Uchunguzi wa kati ya 1985 na 1994 ulionyesha kwamba chini ya Naivasha lina unene wa kilomita kama 35, na chini ya Turkana kama 20 tu. Bonde linavutwa, nalo ganda linakuwa jembamba kama chapati inayosukumwa.

Wanafunzi wenzangu, mimi nimejifunza nini kwa mzee huyu? Wengi humsifu kwa kuwa aliupa ufa jina. Mimi namsifu zaidi kwa kurudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alirudi kwenye kazi yake ya ujanani akiwa na jiji lililoungua mbele ya macho yake, akautembea ule ufa alioudharau, akaandika upya kwa mkono wake mwenyewe. Kama angeona haya akanyamaza, watu wangejenga tena palepale bila kujua kilicho chini.

Nami nilirudi darasani. Nilimwomba mwalimu ruhusa, nikachora ubaoni mishale miwili inayopishana, nikaeleza kosa langu mbele ya wale wale walionicheka. Safari hii hakuna aliyecheka. Kukosea si aibu, wapenzi wasomaji. Kufunga daftari na kosa likiwa ndani ndiyo hatari, kwa maana ufa ukinyamaza si kwamba umelala.